Hivi hawa kina Guerrero wote ni ukoo mmoja au ni jina tu?

Mwana wa Bombo

Wadau salaam. Nina swali limeniganda kichwani na hapa kwetu Bombo, Uganda, sijapata wa kunijibu vizuri, kila mtu ana lake. Juzi kwenye kibanda cha video waliweka resling, yaani mieleka, za zamani, zile Eddie Guerrero anaingia na ile gari ya kudunda, sasa vijei, yule anayetutafsiria video, akaanza kutupa historia kwamba Guerrero ni ukoo mmoja mkubwa wa Meksiko, wana mpaka jimbo lao, na yule straika wa Peru aliyetufunga sisi wa Chelsea kule Japani 2012 ni mtu wao, na yule kijana wa besboli wa Toronto aliyesaini pesa za kutisha naye ni mtu wao. Basi watu wakagawanyika, wengine haiwezekani bwana Peru na Meksiko ni mbali, wengine wanasema mtu hapewi jina bure bure.

Mimi ni Mnubi lakini nimekua katikati ya Waganda na najua kwao jina linabeba ukoo, ukijitaja kwa mzee wa Kiganda anakwambia wewe ni wa Nsenene au wa Mmamba hata hujamaliza kusalimia. Kwa hiyo nikisikia jina moja limekaa kwa watu wengi hivi swali langu la kwanza ni babu yao nani. Anayejua aniambie, hawa wana babu mmoja? Na hilo jimbo ni la nani? Naomba majibu ya uhakika jamani siyo ya kubahatisha, maana mabishano bado ni ya moto.

---

Ssalongo wa Jinja

Ndugu yangu wa Bombo, hawana babu mmoja. Guerrero kwa Kihispania ni mtu wa vita, na jina la namna hiyo lilianza Hispania zamani sana kwa watu mbalimbali, huku askari kaitwa hivyo, kule kijiji kingine mwingine kaitwa hivyo, hawajuani. Halafu Wahispania wakapanda meli wakaenda kutawala nusu ya dunia, jina likasambaa nao na likabaki hata kwa watu ambao damu ya Hispania hawana.

Ila vijei wenu hajakosea yote. Upande wa resling ule ni ukoo kweli kweli. Baba yake Eddie ni Gory Guerrero, jina lake halisi Salvador, alizaliwa Arizona akaenda kujenga jina Meksiko, alikuwa anapigana timu moja na El Santo, yule wa barakoa ya fedha. Gory akazaa kina Chavo, Mando, Hector, na kitinda mimba ndo Eddie, kazaliwa El Paso Texas mwaka 1967. Yule Chavo mliyemwona na Eddie kwenye timu yao siyo huyo kaka yake, ni mtoto wa kaka yake mwenye jina hilohilo, yeye na Eddie wamepishana miaka michache tu ndo maana watu wanachanganya. Eddie alimnyang'anya Brock Lesnar mkanda Februari 2004, na Novemba 2005 akafariki hotelini ana miaka 38. Wakati ule kanda zilikuwa zinachelewa kufika huku, kuna watu Jinja walikuwa bado wanamshangilia mwenzao ameshazikwa, na habari ilipofika kuna vijana walilia kama wamefiwa nyumbani, sijasahau.

Sasa Paolo, yule straika wa Peru. Huyo ni wa Lima, Peru, kazaliwa tarehe 1 Januari 1984, jina lake kamili José Paolo Guerrero Gonzales. Hana uhusiano na kina Eddie. Mimi si wa Chelsea kwa hiyo naweza kusema bila machozi, lile goli la Yokohama dakika ya 69 lilikuwa la mtu anayejua kazi yake, mpira umegonga watu ukapaa juu, mabeki wamejazana golini, yeye akaupigia kichwa ukaingia, timu yake Corinthians ya Brazili mabingwa wa dunia. Kwao wanampenda kupita kiasi na sababu ipo. Peru haikuwa imecheza Kombe la Dunia tangu 1982, halafu wamekaribia kufuzu la 2018 kapteni akapimwa akakutwa na chembe za kokeini, yeye akasema ni chai ya koka, akafungiwa. Makapteni wa timu tatu za kundi lake, Ufaransa, Denmark na Australia, wakaandika barua FIFA kuomba aruhusiwe acheze. Fikiria, wapinzani wako wenyewe! Mahakama ya juu ya Uswisi ikasimamisha adhabu kwa muda, akaenda Urusi, akaifunga Australia. Ile barua ya makapteni kwangu mimi ina thamani kuliko makombe mengi.

Na angalia hapo kwenye ukoo wake. Ana kaka yake wa mama mmoja, Julio Rivera, naye alicheza mpira. Mjomba wao José González Ganoza alikuwa kipa wa Alianza Lima, akafa na timu nzima ndege ilipoanguka baharini Desemba 1987. Watu watatu wa nyumba moja, majina matatu. Halafu wewe unatafuta udugu kwa watu wa jina moja waliotengana kwa bahari.

Yule wa Toronto ni Vladimir Guerrero mdogo, kazaliwa Montreal mwaka 1999 wakati baba yake Vladimir mkubwa anachezea Expos pale. Kwao asili ni Nizao, Jamhuri ya Dominika. Baba alikuwa anapiga mikono mitupu bila glavu, mpira hata ukidunda chini kwanza anaupiga, wakamuingiza kwenye jumba la magwiji 2018. Mtoto Aprili 2025 akakubaliana na Toronto dola milioni 500 kwa miaka 14. Kulikuwa na Mdominika mwingine kabla yao, Pedro Guerrero wa San Pedro de Macorís, alichukua ubingwa na Dodgers 1981, naye si ndugu yao, kisiwa kimoja jina moja basi. Haya mambo ya besboli msiyadharau, vijana wa Lugazi mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza ile michuano ya dunia ya watoto kule Marekani.

Habari za jimbo niwaachie wanaojua.

---

Mwalimu Halima, Arua

Wa Bombo mdogo wangu, umeuliza jimbo ni la nani, hapo ndo penye kiini na naomba unisome mpaka mwisho kwa sababu hii habari naipenda na nasikitika kwamba watoto wetu hawaijui.

Jimbo la Guerrero liko kusini mwa Meksiko, linapakana na bahari ya Pasifiki, makao makuu Chilpancingo ila mji unaojulikana ni Acapulco. Halikupewa jina la ukoo. Lilianzishwa Oktoba 1849 likaitwa kwa heshima ya mtu mmoja, Vicente Guerrero, rais wa pili wa Meksiko, na huyo mtu alikuwa na damu ya Afrika. Baba yake alitokana na watu waliopelekwa kule utumwani, wenyewe wanamhesabu kama mtu wao mweusi wa kwanza kushika dola. Aliingia ikulu mwaka 1829. Marekani walingoja mpaka 2009.

Alizaliwa Tixtla mwaka 1782. Kazi yake ya ujanani ilikuwa kusafirisha mizigo kwa nyumbu, zile njia za milimani kati ya pwani na bara, kwa hiyo alijua kila kichochoro na kila kijiji, na lugha za wenyeji alizisikia. Vita vya uhuru vilipoanza 1810 akajiunga na jeshi la padri Morelos, naye pia mtu mwenye asili ya Kiafrika. Morelos akakamatwa akapigwa risasi 1815, wengi wakakata tamaa wakapokea msamaha wa Wahispania wakarudi makwao. Guerrero hakurudi. Alibaki milimani kusini anapigana na kikosi chake, miaka inakwenda. Wahispania wakaona wamtume baba yake mzazi akambembeleze aweke silaha chini, maana mzee alikuwa upande wa serikali. Wanasimulia kwamba alimheshimu baba yake mbele ya askari wake wote, kisha akasema nchi yangu kwanza. Maneno hayo mpaka leo ndo kaulimbiu ya jimbo.

Februari 1821 akakubaliana na Iturbide, jenerali aliyekuwa anamwinda, wakaungana na Meksiko ikapata uhuru. Kwenye tangazo lao la Iguala waliandika kwamba wakaaji wote wa nchi, awe Mzungu, Mwafrika au mwenyeji, ni raia bila ubaguzi. Mwaka 1821!

Akawa rais Aprili 1829, na tarehe 15 Septemba mwaka huohuo akatoa amri ya kufuta utumwa nchi nzima. Waingereza sheria yao ya makoloni ilipita 1833, Marekani mpaka 1865 baada ya kumwaga damu. Texas wakati ule ilikuwa ndani ya Meksiko na walowezi kutoka Marekani waliokuwa na watumwa wakapiga kelele mpaka wakaachwa nje ya ile amri, na wanaosoma historia wanajua Texas ilikoishia, ikajitenga na Meksiko.

Ikulu hakumaliza hata mwaka. Matajiri wa mji mkuu hawakumtaka, walimsema rangi yake, walimsema kwamba hakusoma, na Desemba 1829 makamu wake Bustamante akampindua. Akarudi kusini kwao akaanza tena kupigana. Sasa sikiliza walivyompata, kwa sababu vitani walimshindwa. Kulikuwa na nahodha Mwitaliano anaitwa Picaluga, rafiki yake kabisa, meli yake imetia nanga Acapulco. Januari 1831 akamkaribisha Guerrero melini wale chakula pamoja. Wamemaliza kula, wamekaa wanaongea, ghafla mabaharia wakamfunga, nanga ikang'olewa, meli ikaelekea Huatulco akakabidhiwa kwa askari. Bei ilikuwa peso 50,000. Ile fukwe alipokabidhiwa mpaka leo inaitwa La Entrega, yaani Makabidhiano, na watalii wanaogelea hapo. Walimpigia kesi ya haraka Oaxaca, na tarehe 14 Februari 1831 wakampiga risasi Cuilapan.

Mimi nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo. Mtu aliyewafungua watumwa kauzwa na rafiki kwa pesa, baada ya kula chakula chake.

Kwa hiyo ukiona Guerrero kwenye ramani ya Meksiko, mara nyingi ni yeye. Jiji la Meksiko kuna mtaa mzima unaitwa Guerrero na stesheni ya treni ya chini kwa chini yenye sura yake. Chihuahua kuna mji wa Guerrero. Cuilapan penyewe sasa ni Cuilápam de Guerrero. Tamaulipas mpakani na Texas kulikuwa na mji wa Revilla ukabadilishwa jina ukaitwa Guerrero mwaka 1827, yeye bado yu hai, halafu 1953 maji ya bwawa la Falcón yakaufunika wote na watu wakahamishiwa mji mpya.

---

Ssalongo wa Jinja

Mwalimu webale nnyo. Hiyo ya mji kufunikwa na bwawa imenigusa kwa sababu sisi Jinja maporomoko ya Ripon tumeyasikia kwa wazee tu, bwawa la Owen Falls lilipokamilika 1954 yakazama. Wazee walikuwa wanatuonyesha kwa kidole maji yametulia, wanakwambia hapo ndipo yalipokuwa yananguruma. Nimeangalia picha za huo mji wa zamani, kuna kanisa la mawe, ukame ukija maji yanashuka linaonekana tena na watu waliohamishwa wanarudi na wajukuu zao kulitembelea.

---

Kijana wa Katwe

Mimi nina Guerrero nyingine kabisa na hii haimhusu Vicente. Inaitwa Guerrero Negro, ni mji uko kwenye ile rasi ndefu ya Baja California, upande wa magharibi wa Meksiko. Jina limetokana na meli ya Wamarekani waliokuwa wanawinda nyangumi, meli ilikuwa inaitwa Black Warrior, ikazama huko karne ya 19, wenyeji wakaligeuza jina kwa Kihispania likabaki kwa mji.

Niliijua kwa sababu ya chumvi, sisi Katwe chumvi ndo maisha yetu. Pale wanatoa chumvi ya bahari, moja ya sehemu kubwa kuliko zote duniani, tani milioni kadhaa kwa mwaka. Wanachofanya kwa kweli ni kilekile tunachofanya sisi, unaingiza maji ya chumvi kwenye vidimbwi, unaliachia jua na upepo vifanye kazi, maji yakiondoka chumvi imebaki. Tofauti ni kwamba vidimbwi vyao ni vikubwa kama maziwa, chumvi wanavuna kwa mitambo, inapakiwa kwenye matishari mpaka kisiwa cha Cedros ndo meli kubwa zinaichukua kupeleka Japani na kwingine. Huku kwetu kidimbwi ni cha familia, kimezungushiwa udongo na miti, mtu anaingia mwenyewe majini mpaka kiunoni anachokoa chumvi kwa mikono na vyuma, miguu inapasuka, ukiwa na kakidonda kadogo siku hiyo utajua. Nikiangalia ile mitambo yao huwa najiuliza sisi tumekosa nini, maana jua tunalo na chumvi tunayo.

Na kuna kitu kizuri hapo. Nyangumi waliokuwa wanawindwa na ile meli, wale wa kijivu, bado wanakuja kwenye ghuba ya Ojo de Liebre jirani na hiyo chumvi, wanatoka baharini kaskazini kabisa wanafika Desemba, wanazaa, wanakaa na watoto mpaka Aprili hivi. Sasa hivi wamelindwa, tangu 1993 sehemu hiyo ni urithi wa dunia, na watu wanapanda boti kuwaona na nyangumi mwenyewe anamleta mtoto wake karibu na boti.

---

Mwana wa Bombo

Banange, nimesoma yote. Mwalimu Halima shikamoo, hiyo ya Picaluga nimeisoma mara mbili na nimemsomea mama naye kasikitika.

Naomba niongeze maswali. Kwanza yule Vickie Guerrero wa resling, mke wa Eddie, kwa nini naye ni Guerrero, wakati nasikia kwa Wahispania mke habadilishi jina? Pili nina rafiki kaniambia Ufilipino pia wapo kina Guerrero, huko wamefikaje jamani. Tatu hao watu weusi wa hilo jimbo bado wapo au walikwisha?

---

Zainab Kawempe

Kaka wa Bombo hilo la majina na Ufilipino nichukue mimi, nimefanya kazi Dubai na Wafilipino tumelala chumba kimoja, haya mambo tumeyaongea mpaka usiku.

Mhispania anabeba majina mawili ya mwisho, la kwanza la baba, la pili la mama. Ndo maana huyo rais ni Vicente Guerrero Saldaña, Guerrero kwa baba, Saldaña kwa mama. Na Paolo ni Guerrero Gonzales hivyohivyo, Ssalongo kashaandika. Mwanamke akiolewa habadilishi, anabaki na yake mpaka kaburini. Vickie yeye alizaliwa Lara, ila ni mtu wa Texas na Marekani mke anachukua jina la mume, basi akawa Guerrero na likamkaa mpaka watu wengi wanadhani ndo damu yenyewe. Mfilipino naye anageuza, jina la mama analiweka katikati na la baba mwisho. Kwa hiyo ukimwona Meksiko na ukimwona Manila usisome kwa mtindo mmoja, utampa mtu ukoo wa mama yake.

Ufilipino ilitawaliwa na Hispania miaka mia tatu na zaidi. Wenyeji wengi hawakuwa na majina ya ukoo, au waliobatizwa walikuwa wanajichagulia ya watakatifu, kijiji kizima de la Cruz, kijiji kizima de los Santos, mtoza kodi anachanganyikiwa. Novemba 1849 gavana Clavería akatoa amri kila familia ipewe jina, likatengenezwa daftari kubwa la majina kwa alfabeti, kurasa zikagawiwa mijini. Kuna miji mpaka leo karibu watu wote majina yanaanza na herufi moja kwa sababu ndo ukurasa waliopewa! Waliokuwa na jina la familia tangu vizazi vinne waliruhusiwa kubaki nalo. Kwa hiyo Mfilipino mwenye jina la Kihispania usimwambie babu yako Mhispania, wengi walipewa tu. Kina Guerrero wanaojulikana sana huko ni wa Ermita pale Manila, watu wa kalamu, kulikuwa na Fernando María Guerrero alikuwa anaandika mashairi kwa Kihispania, na León María Guerrero aliyekuwa balozi.

Nikisoma hiyo ya daftari huwa natufikiria sisi. Kwetu Waganda watoto wa baba mmoja kila mmoja ana jina lake, yote ya ukoo huo lakini hayafanani, mimi na kaka yangu ukisoma pasipoti zetu hujui kama ni ndugu. Huko ugenini mwenzangu mmoja alitaka kumtumia baba yake hela, ofisi ikamkatalia kabisa, wanamwambia huyu hawezi kuwa baba yako majina hayafanani. Alilia pale kaunta. Sasa hivi naona hata hapa Kampala wazazi vijana wanawapa watoto wote jina la baba ili kuepuka usumbufu, na mimi naumia maana hayo majina ya ukoo yakiachwa hakuna daftari litakaloyarudisha. Wanaojifungua sasa hivi nawaomba wampe mtoto jina la ukoo wake na wamfundishe, hata kama kwenye karatasi mtaongeza la baba.

---

Mwalimu Halima, Arua

Zainab asante dada, umeeleza vizuri kuliko nilivyoweza. Marahaba mdogo wangu wa Bombo, mama msalimie. Nijibu lako la tatu.

Wapo. Hawajaisha. Kutoka Acapulco ukifuata pwani kuelekea Oaxaca kuna sehemu inaitwa Costa Chica, vijiji vingi huko ni vya watu weusi, na kuna mji wa Cuajinicuilapa wenye makumbusho ya historia yao. Mababu zao wengi waliletwa kutoka Afrika Magharibi na Angola na Kongo, lakini Acapulco ndipo zilipokuwa zinatia nanga meli za kutoka Manila kuanzia 1565 mpaka 1815, na baadhi ya watumwa waliopitia huko walikuwa wamechukuliwa na Wareno kutoka Msumbiji, pwani yetu hii ya mashariki. Muda mrefu serikali haikuwahesabu, mtu mweusi akisafiri ndani ya nchi yake polisi wanamwambia wewe si wa Meksiko, imba wimbo wa taifa tukusikie. Walipigania hilo jambo miaka mingi mpaka 2019 katiba ikawatambua, na sensa ya 2020 ndo ikawauliza wote kwa mara ya kwanza, wakapatikana watu zaidi ya milioni mbili na nusu, karibu asilimia 2 ya nchi. Kwenye jimbo la Guerrero ni asilimia 8.6, hakuna jimbo linalowazidi.

Jimbo lenyewe lina shida zake nzito. Ni maskini na magenge yana nguvu. Septemba 2014 wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa walitekwa usiku mjini Iguala na wengi wao hawajulikani walipo mpaka leo, na hicho chuo kiko Tixtla, kulekule alikozaliwa Vicente. Walikuwa wanasomea ualimu, watoto wa wakulima, wazazi wao bado wanaandamana na picha zao. Mimi kama mwalimu hilo siwezi kulipita bila kulitaja. Halafu Oktoba 2023 kimbunga Otis kikaipiga Acapulco.

Sasa wewe ni Mnubi na najua nyumbani kwenu ngoma haikosi, kwa hiyo hii itakupendeza. Costa Chica mwanzo wa Novemba, siku za kuwakumbuka marehemu, wanacheza ngoma ya mashetani. Wanaume wanavaa vinyago vyenye pembe na ndevu za manyoya ya farasi, wanainama sana na kukanyaga chini kwa nguvu. Vyombo vyao ni vitatu. Kuna kinanda cha mdomo. Kuna taya la punda lililokauka, meno yamelegea, mtu analigonga kwa ngumi linatoa mlio wa kutetemeka na analikwangua kwa kijiti. Na kuna kibuyu kilichowambwa ngozi, kijiti kimesimamishwa katikati ya ngozi, mpigaji anakipakaza nta anakisugua kwa vidole, kinatoa sauti nzito kama simba anaguna. Ngoma ya kusugua hivyo watu wa Kongo na Angola wanayo mpaka leo. Vidio zipo nyingi mtandaoni, mwambie vijei wenu aiweke moja kabla ya resling, na awaambie watu mlio huo unatoka kwenye jimbo la nani.